Mtia nia wa urais kutoka Arusha au Moshi: sifa za Katiba na namna ya kuzithibitisha mapema

Uchaguzi Mkuu ujao wa kawaida ni wa mwaka 2030. Mtu wa Arusha, Moshi, Karatu au Rombo anayefikiria kuchukua fomu ya urais aanze kupanga nyaraka zake sasa. Sifa zenyewe ni chache, zinajaa nusu ukurasa wa Katiba. Kazi iko kwenye kuzithibitisha, na wengi hukwama kwenye sharti moja ambalo halihusu umri wala elimu wala fedha: kuteuliwa na chama, kwa utaratibu usio na doa.

Soma Ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 kwa macho yako mwenyewe. Inataka mgombea awe raia wa kuzaliwa. Awe ametimiza umri wa miaka 40. Awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Awe na sifa za kuwa Mbunge au Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Na katika miaka 5 kabla ya tarehe ya Uchaguzi Mkuu asiwe ametiwa hatiani mahakamani kwa kosa la kukwepa kodi ya Serikali. Baada ya hiyo soma Ibara ya 40 (mihula), ya 41 (utaratibu wa uchaguzi), ya 47 (Makamu wa Rais) na ya 67 (sifa za Mbunge). Ukisoma ya 39 peke yake utadhani umemaliza, kumbe sharti lake la nne limebeba orodha nzima ya Ibara ya 67.

Hatua ya kwanza: uraia

Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inatambua raia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa kuandikishwa, ambaye wengi humwita wa tajnisi. Kwa kupiga kura, kumiliki pasipoti au kufanya biashara, hutaona tofauti kubwa kati yao. Kwa urais ni kundi la kwanza tu linalopita.

Watu wa mikoa ya mpakani ndio wanaopaswa kukaa chini na jambo hili. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi Mtanzania ni raia wa kurithi, hata kama familia yake yote imekaa Longido tangu enzi za mababu. Mama aliyevuka Namanga au Holili akajifungulia upande wa Kenya, akarudi na kichanga baada ya wiki, amemzalia nchi raia halali ambaye hata hivyo hatakidhi Ibara ya 39. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mama, shangazi au mkunga aliye hai ni moja: nilizaliwa wapi hasa? Uliza kabla hujatumia shilingi yako kwenye jambo lingine lolote.

Kama ulizaliwa ndani ya nchi, lakini mzazi wako mmoja au wote wawili walikuwa na asili ya ng'ambo ya mpaka, usijitegemeze kwenye cheti cha kuzaliwa peke yake. Uhamiaji wakiletewa malalamiko huchunguza uraia wa wazazi. Kusanya vyeti vya wazazi, kadi zao za zamani za chama au za kupigia kura, kadi ya ubatizo, vyeti vyao vya shule, na barua ya mtendaji wa kijiji au kata walikoishi. Loliondo na Longido, ambako ndugu wa boma moja wako pande zote mbili za mpaka, karatasi hizi ni za lazima.

Waliozaliwa kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 hufuata hadhi waliyokuwa nayo Tanganyika au Zanzibar. Nao watafute ushahidi wa mzazi mapema, maana mashahidi wanapungua kila mwaka.

Jambo jingine ni uraia wa nchi mbili. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Aliyeapa kuwa raia wa Marekani au Uingereza amepoteza uraia wa Tanzania, na akirudi kuuomba upya hataingia kwa mlango ule aliozaliwa nao. Mwenye mtoto aliyezaliwa na uraia wa pande mbili ajue kuwa mtoto huyo akifika miaka 18 anatakiwa kuukana mmoja. Hati ya kuukana itunzwe kama hati ya shamba.

Hatua ya pili: umri na majina

Miaka 40 inatakiwa iwe imetimia. Kwa 2030, aliyezaliwa 1991 hana nafasi. Aliyezaliwa miezi ya mwisho ya 1990 asisubiri kubahatisha: uteuzi hufanyika kabla ya siku ya kura (mwaka 2025 uteuzi ulikuwa 27 Agosti, kura 29 Oktoba), na hoja ya siku chache tu inatosha kuzaa pingamizi.

Tatizo la kawaida ni tarehe na majina yasiyolingana. Mtu ana cheti cha kuzaliwa chenye tarehe moja, kitambulisho cha NIDA chenye nyingine, na cheti cha kidato cha nne chenye jina la ubatizo ambalo halimo penginepo. Kilimanjaro na Arusha hili limeenea kwa sababu watoto wengi walisajiliwa shuleni kwa jina la babu au la ukoo, na cheti cha kuzaliwa kikatafutwa baadaye, mtu alipotaka pasipoti au mkopo wa chuo.

Fanya hivi: weka mezani cheti cha kuzaliwa, NIDA, kadi ya mpiga kura, pasipoti, vyeti vya shule, TIN na kadi ya chama. Andika jina lote na tarehe kama zinavyosomeka kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi. Vingine virekebishwe vikifuate. Kama cheti chenyewe kimekosewa, nenda kwa msajili wa vizazi na vifo kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya ulikozaliwa, kisha RITA, wakala wa Serikali wa usajili. Jina lililobadilika lisawazishwe kwa hati ya kisheria ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili. Kiapo cha mahakamani kinasaidia benki na chuoni, lakini kwa nafasi ya juu namna hii ni bora chanzo chenyewe kirekebishwe. Anza mwaka mmoja au miwili kabla.

Elimu haihitaji maelezo marefu. Katiba inataka kujua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Shahada haitajwi. Chama chako kinaweza kuwa na vigezo vyake, na hilo ni suala la chama.

Hatua ya tatu: rekodi ya mahakama na kodi

Ibara ya 67 inamwondoa aliyehukumiwa kifo au kifungo kinachozidi miezi 6 kwa kosa lenye utovu wa uaminifu. Inamwondoa pia ambaye ndani ya miaka 5 kabla ya Uchaguzi Mkuu alitiwa hatiani na kufungwa kwa kosa la aina hiyo, au kwa kuvunja sheria ya maadili ya viongozi wa umma. Wizi, kughushi, rushwa na ubadhirifu vimo humo. Ajali ya barabarani iliyokupeleka jela ina sura nyingine, ingawa nakala ya hukumu lazima uwe nayo ili wakili aisome. Usimwambie wakili "ilikuwa kesi ndogo". Mpe namba ya kesi.

Kuhusu kodi watu huchanganya mambo mawili. Kudaiwa na TRA si kutiwa hatiani. Mfanyabiashara wa Soko Kuu mwenye malimbikizo na riba bado ana sifa. Aliyepelekwa mahakamani kwa kukwepa kodi akakutwa na hatia hana, mpaka miaka 5 ipite. Hatari huingia pale mtu anaposhtakiwa, kisha akakiri haraka ili alipe faini aendelee na biashara. Faini inalipika siku hiyohiyo, lakini hatia inabaki kwenye rekodi. Yeyote mwenye ndoto ya uongozi asikiri kosa la kodi, kwa maandishi au kizimbani, kabla ya kuzungumza na wakili. Hata kama hujashtakiwa, lipa madeni yote na uombe uthibitisho wa kulipa, kwa sababu wapinzani hawatasubiri hukumu kukusema majukwaani.

Maafisa na askari wanaoulizia, na Monduli wapo, wanapaswa kujua Ibara ya 147. Inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na neno hilo linahusu Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haki ya kupiga kura anayo. Kugombea hawezi hadi atoke jeshini, kwa sababu asiye mwanachama hawezi kupendekezwa.

Hatua ya nne: chama

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote.

Tanzania haina mgombea binafsi. Suala hili lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa ilimalizikia hapahapa Arusha. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba mwaka huohuo kuziba mlango. Mahakama Kuu ikakubaliana naye tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kuwa jambo hilo ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jijini Arusha, iliamua kuwa kumlazimisha mtu kupitia chama ni kukiuka haki zake. Katiba haijabadilishwa kufuata hukumu hiyo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukiwa na hukumu hiyo mkononi utapokelewa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (Tume), Dodoma, bila barua ya chama. Na usipange kupeleka malalamiko yako mwenyewe moja kwa moja kwenye mahakama hiyo: Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na mwaka uliofuata uamuzi huo ukaanza kazi. Inauma, kwa wakazi wa mji unaobeba mahakama hiyo, lakini ndivyo ilivyo.

Basi chagua chama, na ujiunge mapema. Katiba ya nchi haisemi uwe mwanachama kwa muda gani. Mwaka 1995 Augustine Mrema wa Vunjo alitoka CCM na kugombea kupitia NCCR-Mageuzi. Julai 2015 Edward Lowassa wa Monduli alihamia Chadema, akateuliwa ndani ya siku chache na kupata kura zaidi ya milioni 6. Kwa mifano hiyo watu wa Kaskazini wamezoea kuamini kwamba kuhama dakika ya mwisho hakuna madhara. Mwaka 2025 ulionyesha vingine. Luhaga Mpina alihamia ACT-Wazalendo mwezi Agosti na kuteuliwa. Uteuzi wake ukapingwa kwa hoja kwamba hakuwa na muda wa uanachama unaotakiwa na kanuni za chama hicho chenyewe. Msajili wa Vyama vya Siasa akautengua, Tume ikamzuia kurudisha fomu. Mahakama Kuu ikaamua Septemba kwamba Tume ilikosea kumzuia, akarudisha fomu, kisha pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali likakubaliwa na akaondolewa mara ya pili tarehe 15 Septemba. Kampeni wakati huo zilikuwa zimeshaanza.

Kwa hiyo omba nakala mbili za katiba ya chama na kanuni zake za uteuzi, zile zilizopo kwa Msajili, na zisomwe na mtu asiyekupenda sana. Angalia muda wa uanachama, mwisho wa kuchukua fomu za ndani, kikao chenye mamlaka ya kuteua, akidi yake (idadi ya chini ya wajumbe), na siku za taarifa kabla ya kikao. Hakikisha kuna muhtasari uliosainiwa na orodha ya mahudhurio. Mwanachama mmoja mwenye kinyongo na barua moja kwa Msajili anatosha kuharibu kila kitu, na barua hiyo haitakuwa na nguvu kama vikao vyako vilikwenda kwa kanuni.

Kuna na upande wa chama chenyewe. Kiwe na usajili wa kudumu. Kisaini Maadili ya Uchaguzi siku Tume inapoita vyama kusaini: Aprili 2025 Chadema hakikusaini, na Tume ikatangaza kuwa hakitashiriki uchaguzi wa mwaka ule. Mgombea anaweza kuwa na kila sifa ya Ibara ya 39 na bado asiwe na chama cha kumfikisha kwenye karatasi ya kura.

Hatua ya tano: mgombea mwenza

Ibara ya 47 inataka kama mgombea urais anatoka upande mmoja wa Muungano, mgombea Makamu atoke upande wa pili. Mtu wa Arusha anamhitaji Mzanzibari, na huyo naye apitishwe kwenye kila hatua iliyotajwa hapo juu: uraia wa kuzaliwa, miaka 40, uanachama, rekodi safi. Wengi humtafuta mwenza wiki ya mwisho na kumchunguza nusunusu. Kasoro yake ni kasoro yako, kwa kuwa majina mawili hupelekwa pamoja.

Hatua ya sita: fomu, wadhamini na dhamana

Fomu huchukuliwa kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Dodoma. Mwaka 2025 fomu ya uteuzi ya urais ilikuwa Na. 8A, na ilitolewa kuanzia 9 Agosti hadi siku ya uteuzi, yaani wiki mbili na nusu tu. Mgombea hutoa tamko la kisheria mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, na huweka dhamana ya shilingi 1,000,000.

Wadhamini ni wapiga kura walioandikishwa wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na angalau 2 kati ya hiyo iwe Zanzibar. Jumla ni 2,000, na angalau 400 watoke visiwani. Ukiwa na 3,000 kutoka mikoa 9 umeshindwa. Ukiwa na 199 mkoa mmoja, mkoa huo wote haupo.

Kwa timu inayotoka Kaskazini, barabara yenyewe inakupa mzunguko mzuri. Chukua fomu Dodoma na uanze hapohapo, kisha Singida, Babati kwa ajili ya Manyara, Arusha, Moshi kilomita 80 mbele, Tanga, Dar es Salaam, boti hadi Unguja kwa Mjini Magharibi na Kusini Unguja, rudi Dar, Morogoro, na umalizie Dodoma. Hiyo ni mikoa 10 kamili. Pwani unaipita njiani, ifanye ya akiba. Mgombea asizunguke peke yake. Timu za mikoa zianze kuwaandaa watu kabla fomu hazijatoka, ili siku ya kusaini iwe ya kusaini tu.

Kila mkoa lenga watu 250. Majina huanguka kwa sababu zilezile: namba ya kadi ya mpiga kura imekosewa tarakimu moja, mtu amehama kutoka Karatu kwenda Moshi na hakuhamisha taarifa zake kwenye Daftari la Wapiga Kura, mtu alikwisha kumdhamini mgombea mwingine, saini zinafanana mwandiko kwa sababu kiongozi wa tawi "aliwasaidia" wazee. Hilo la mwisho ni kosa zito. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Weka mtu mmoja mkoani mwenye kazi moja tu, ya kulinganisha kadi na fomu, asiwe mpiga picha wala mtunza nauli.

Mwezi Agosti usiamini kwamba boti na mabasi yatakusubiri. Fomu za Zanzibar zikamilike kwanza, au zikusanywe na timu ya huko kwa wakati uleule mnaozunguka bara. Nakili kila ukurasa kabla haujaondoka mkoani.

Hatua ya saba: kurudisha na kujibu pingamizi

Siku ya uteuzi mlango hufungwa saa 10:00 jioni. Fika asubuhi, maana kasoro ikionekana saa 3 kuna nafasi ya kuirekebisha, na ikionekana saa 9 alasiri hakuna. Beba nyaraka halisi na nakala, stakabadhi ya dhamana, barua ya uteuzi, muhtasari wa kikao, na picha kama zilivyoelekezwa. Wakili awe chumbani, na mwingine abaki na nakala zote nje.

Pingamizi linaweza kutoka kwa mgombea mwingine, kwa Msajili au kwa Mwanasheria Mkuu, na muda wa kulijibu ni mfupi mno. Ndiyo maana jalada la uraia, umri, kodi na vikao vya chama linatakiwa liwe limepangwa kwa vichwa na kurasa zenye namba tangu mwanzo. Jibu kila hoja kwa waraka wake.

Ukikatwa isivyo halali, nenda Mahakama Kuu siku hiyohiyo. Baada ya Tume kumtangaza mshindi, Ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais. Mahakama ya Afrika iliamua Julai 2020 kuwa kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika, lakini bado kimo ndani ya Katiba. Haki yako ya kusikilizwa kuhusu sifa zako iko kabla ya matokeo.

Na kwa aliyewahi kushika kiti hicho: hakuna anayechaguliwa zaidi ya mara mbili. Makamu aliyerithi kiti na kukikalia miaka 3 au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Akikikalia chini ya hapo, mara mbili. Kuwahi kuwa Rais wa Zanzibar hakumwondolei mtu sifa ya urais wa Muungano.